Upambanuzi, Wala Si Utatuzi

Kijitabu kimoja cha kuwafunza mafundi wa kompyuta, nilichoazimwa na kijana wa jirani aliyeko chuoni, kina sura nzima juu ya kompyuta ya mezani ambayo ikiwashwa huwaka taa na kuzungusha feni zake, walakini kioo chake husalia cheusi. Na juu ya sura hiyo, kwa herufi kubwa, pamechapwa maneno "Utatuzi wa Matatizo", kana kwamba fundi, kabla hajajua maradhi yako wapi, amekwisha kushika dawa mkononi.

Jina hilo nimelipinga kwa miaka mingi, na nimelipinga mbele ya hao hao waliolipitisha, ambao hujja yangu hawakuikubali wala hawakuikanusha, bali waliendelea na neno lililofuata katika orodha yao ya istilahi. Naieleza tena.

Asili ya utatuzi na ya tatizo ni moja, nayo ni tata, yaani hali ya nyuzi kusokotana hata ncha isijulikane. Katika tata tumepata tatiza, na katika tatiza tatizo, na kwa kauli ya kutendua, ile ile iifanyayo funga kuwa fungua na ziba kuwa zibua, tumepata tatua. Basi anenaye utatuzi wa matatizo ametaja mzizi mmoja mara mbili asiongeze maana yoyote. Fauka ya hayo, nguo ikitatuka pwani imepasuka, na sioni kwa nini kazi ya uangalifu mkubwa ivikwe neno lenye harufu ya kupasua. Lakini kosa kuu ni kwamba kutatua ni mwisho wa kazi, ilhali taabu yote ya fundi iko mwanzoni, katika kujua ni kipi kilichoharibika.

Yuko na mwenzangu mmoja ashikiliaye uaguzi. Neno lina hadhi, nami silidharau. Ila mwaguzi hueleza sababu iliyofichika, aghalabu kwa ramli, na elimu yake haimlazimu kuchomoa kitu na kukijaribu. Fundi hana ghaibu ya kuisoma.

Neno langu ni upambanuzi. Vitu viwili vikigusana ubavu kwa ubavu, kama vyombo vilivyosongamana bandarini, vimepambana. Na anayevitenga, kila kimoja kikaonekana peke yake, amevipambanua. Mwanakamusi Johnson alikitia kitenzi hiki katika kamusi yake ya 1939, na kabla na baada ya kamusi hiyo masheikh wa pwani, wanapoieleza Furqani, jina la sura ya 25 ya Kurani, husema ni kitu kipambanuacho baina ya haki na batili. Waarabu wametupa maizi, kutokana na mayyaza, maana yake kukitenga kitu na kingine. Walakini katika Kiswahili maizi limehamia moyoni, mtu humaizi kwa akili akiwa ameketi, bali kupambanua kumebaki na akili na mkono pamoja. Sijui jina jingine lililo karibu zaidi na kazi yenyewe. Na walioniambia kwamba neno hili ni la msikitini na haliwafai mafundi, sharti waniambie pia kama hesabu, hati na saa ni za msikitini.

Tazama kompyuta ile ya kijitabuni. Fundi hupambanua kwanza kioo na kasha, akikiunga kioo kwenye mashine nyingine iliyo nzima, na akihakikisha kebo yake imechomekwa kwenye kadi ya picha, si kwenye ubao mama. Kisha, umeme ukiwa umekatwa, huchomoa ramu zote, akasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, akairudisha moja tu. Na akiwasha bila ramu hata moja, spika ndogo ya ndani ikalia, amejua kwamba ubao na prosesa vingali hai, na ikinyamaza, shaka huhamia huko na kwenye kisanduku cha umeme. Betri ya volti 3 huondolewa kwa dakika chache ili mipangilio irejee asili yake. Katika yote hayo hapana kilichotatuliwa bado.

Neno lenyewe hunyumbuka bila shida: mpambanuzi, mwongozo wa upambanuzi, jedwali la upambanuzi, hitilafu isiyopambanulika. Utatuzi na ubakie kwa kile kifanywacho hitilafu ikishajulikana.

Naye kijana nimemrudishia kijitabu chake, nikiwa nimelikata lile jina kwa kalamu na kuandika langu juu yake. Walimu wa vyuo vya ufundi msomao haya, nawasihi mfanye vivyo hivyo katika nakala zenu, wala msingoje orodha mpya.