Mtikiso na Mtikisiko

Kijitabu kimoja cha huduma ya kwanza, kinachopita mikononi mwa makocha wa vijana hapa Gisenyi, kinasema mchezaji aliyegongwa kichwani anaweza kupata "mshtuko mdogo wa ubongo". Neno hilo limenikera, na siwezi kulinyamazia kwa kuwa nimeiona kazi yake uwanjani. Beki wa timu ya watoto aligongana vichwa na mwenzake wakiwania mpira wa kona. Akaanguka, akainuka, akaanza kukimbilia lango lisilo lake. Kocha alikifungua kijitabu, akalisoma neno, akamshika bega: "Umeshtuka tu, mwanangu. Kunywa maji, pumua." Kisha akamrudisha mchezoni. Kocha yule hana lawama. Alikielewa Kiswahili alichopewa, na Kiswahili hicho ndicho kilichomwambia afanye hivyo.

Mtu hushtuka kwa mlio wa radi au kwa habari ya msiba, na mshtuko humtoka akishapata kiti na maji. Waganga nao wamelitwisha neno hilo mizigo mingine: mshtuko wa moyo, mshtuko wa umeme, mshtuko wa mwili uliopoteza damu nyingi. Kulibebesha na ubongo ni kulivunja mgongo. Kamati ya kijitabu iliyolipitisha neno hilo ilikuwa na pendekezo langu la neno jingine mezani, na sababu ya kulikataa sijaelezwa hadi leo. Wale wanaotaka tuandike "konkasheni" yaishe wameniudhi zaidi. Lugha iliyofanywa rasmi nchini Rwanda mwaka 2017 haikupewa hadhi hiyo ili iende kuomba Kiingereza kitu ambacho ghalani mwake kimo.

Kilichomo ni tikisa, na lugha kubwa za tiba zimepita njia hiyo hiyo. "Concussio" ya Kilatini inatokana na kitenzi cha kutikisa kwa nguvu. Matabibu wa kale wa Ulaya waliandika pia "commotio cerebri", na humo Wafaransa wakapata "commotion cérébrale", jina ambalo muuguzi wa Goma au wa Gisenyi aliyesomea Kifaransa hulitamka bila kusita. Waarabu husema "irtijaj", kutoka mzizi wenye maana ya kutikisika. Al-Razi, tabibu wa Uajemi aliyefariki mapema katika karne ya 10, huhesabiwa miongoni mwa wa kwanza kuitenga hali hii na majeraha ya ubongo yanayoonekana kwa macho. Hakuna hata mmoja wao aliyesema kwamba ubongo umeshtuka.

Kiswahili kinawazidi wote hao, maana kitenzi chetu kinazaa nomino mbili. Tikisa hutupa mtikiso, yaani kitendo chenyewe. Ukitia kiambishi -ik- unapata tikisika, na humo hutoka mtikisiko, yaani hali ya kitu kilichokwisha kutikiswa. Wapinzani wangu wanasema maneno haya yanafanana mno na msomaji atayachanganya. Kwa hoja hiyo ingebidi tufute pia mpasuo na mpasuko. Mpasuo ni kazi ya mwenye msumeno au kisu, mpasuko ni ufa uliojitokeza. Volkeno ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na ardhi ikaendelea kutetemeka siku kadhaa, kuta na barabara za Gisenyi ziliingia mipasuko, wala sikumsikia mtu wa mji huu akiiita mipasuo. Masikio ya watu yalikwisha kuijua tofauti hii zamani, bila kikao chochote.

Basi mtikiso wa ubongo ni pigo lolote linaloufikia ubongo ukayumba ndani ya fuvu, liwe na dalili au lisiwe nazo. Mtikisiko wa ubongo ni madhara yenyewe: kichwa kuuma, kizunguzungu, kusahau, kuduwaa. Abiria wa pikipiki anayeteremka kwenda kwenye kivuko cha mpaka cha Petite Barrière anaijua sauti ya kofia yake ikigonga ya dereva kila breki inapofungwa. Pale pana mtikiso hafifu, mtikisiko hapana. Mtoto aliyegonga paji kwenye ukingo wa meza, akaota nundu, akalia kidogo na kurudi kucheza, mama yake aambiwe vivyo hivyo, alale. Nimewaona wazazi wakikesha na kumwamsha mtoto kila mara kwa sababu karatasi waliyopewa iliiita kila nundu mshtuko wa ubongo. Hofu hiyo imepandwa na neno.

Na neno hilo hilo linaficha palipo na jambo. Mwaka 2019 watafiti wa Glasgow walifuatilia rekodi za wanasoka wa zamani 7,676 wa Scotland, wakakuta vifo vitokanavyo na magonjwa ya kuchakaa kwa ubongo ni takriban mara tatu na nusu kuliko kwa watu wengine wa rika lao. Uchunguzi wao wa baadaye ulionyesha mabeki ndio walioumia zaidi, huku makipa wakikaribiana na watu wa kawaida. Mpira wa kichwa haumwangushi beki. Anaweza kustaafu bila mtikisiko hata mmoja kwenye daftari la daktari, naye amebeba mitikiso maelfu kwa maelfu. Marekani iliamua mwaka 2015 kwamba watoto wa miaka 10 kushuka chini wasipige vichwa. Hapa, katika mji wa klabu za Etincelles na Marines, kocha atawaelezaje wazazi katazo kama hilo akiwa na neno mshtuko peke yake? Watadhani watoto wao ni waoga.

Kwa matumizi: mwenye dalili za mtikisiko atoke na asirudi siku hiyo. Akitapika tena na tena, akisinzia asiamshike au mboni zisipolingana, akimbizwe hospitali, huenda damu inavuja ndani ya fuvu, kama ilivyomtokea Robert Wangila, bondia Mkenya bingwa wa Olimpiki ya Seoul 1988, aliyefariki Las Vegas Julai 1994 baada ya pambano.

Kijitabu kinatarajiwa kuchapwa upya. Pendekezo langu nimelipeleka tena, safari hii kwa mkono, na nimedai liandikiwe stakabadhi.