Maumivu ya Vijiwe vya Figo: Kinga Yake, na Ruhusa ya Kufungua Saumu



Ramadhani ikiangukia wakati wa kaskazi, suala hili hurudi: aliyewahi kuugua vijiwe vya figo afunge? Na maumivu yakimshika mchana, avumilie mpaka Magharibi? Tuanze na maradhi yenyewe, kwani hukumu inafuata hali ya mgonjwa.

Maji yakipungua mwilini, mkojo huwa mzito, na chumvichumvi zilizomo hugandana zikawa kijiwe. Vingi ni vya kalisi na oksaleti. Vingine hutokana na asidi ya yuriki. Kijiwe kinaweza kukaa figoni miaka bila mtu kujua. Taabu huanza kinapoteremka kikakwama katika mrija mwembamba unaopeleka mkojo kwenye kibofu. Mkojo hujaa nyuma yake na figo hutanuka.

Maumivu huanza ubavuni kwa nyuma, yakashuka hadi kinena. Huja kwa mawimbi, na mgonjwa hatulii: akilala anaumwa, akisimama anaumwa. Huenda akatapika, au mkojo ukawa na damu. Kwetu wengi husema ni chango, wakamchemshia mizizi. Kijiwe kisichozidi milimita 5 mara nyingi hutoka chenyewe, kwa hiyo dawa ya mizizi husifiwa kwa kazi isiyoifanya. Lakini maumivu yakiambatana na homa au kutetemeka, mkojo ukikatika, au mgonjwa akiwa mjamzito au mwenye figo moja, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Usaha ukizuiliwa nyuma ya kijiwe unaweza kuua. Sindano za kutuliza maumivu zipo, ila nyingine hazimfai mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu, basi zisinunuliwe dukani kwa kubahatisha.

Kinga kubwa ni maji. Anayekunywa vya kutosha mkojo wake huwa wa manjano hafifu. Aliyewahi kupata kijiwe anatakiwa anywe mpaka akojoe kama lita 2 na nusu kwa siku, na mvuvi au mchuma karafuu anayetoka jasho jingi anahitaji maji zaidi. Katika Ramadhani maji hayo yagawiwe toka futari, baada ya tarawehe, hadi daku. Kubugia yote karibu na Alfajiri hakusaidii sana, mengi huishia chooni. Ndimu ikamuliwe ndani ya maji, kwani sitreti yake huzuia vijiwe vya kalisi. Chumvi ipunguzwe, na hapa ng'onda na papa mkavu ndio wakosaji wakubwa mezani kwetu. Mchicha una oksaleti nyingi: uchemshwe, maji yake yamwagwe. Maziwa yasiachwe, ingawa wengi hudhani kalisi yake ndiyo mbaya; yakinywewa pamoja na chakula huifunga oksaleti tumboni isifike kwenye figo.

Ama hukumu: Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyengine. Maumivu ya kijiwe ni ugonjwa bila shaka. Aliyeshikwa nayo mchana afungue, anywe maji na dawa, kisha alipe siku hiyo; hana dhambi wala kafara. Tumesikia wanaowaambia wagonjwa kuwa kustahamili ndiyo thawabu zaidi. Hatukubaliani nao pale mtu anapojidhuru. Sindano isiyo ya lishe haibatilishi saumu, kama ilivyoamua Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa katika kikao chake cha 10, Jeddah, 1997. Dripu ya lishe inabatilisha.

Ambaye daktari mwaminifu amemwambia kufunga kutamdhuru, asifunge. Akitarajiwa kupona atalipa baadaye, hata katika miezi ya baridi yenye mchana mfupi kidogo. Asiyetarajiwa kupona atalisha masikini mmoja kwa kila siku.

Wallahu a'lam.