Kikoa: Jina Linavyopata Anwani Yake

Mtu anayeandika uonbi.ac.ke kwenye simu yake anatafuta tovuti ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Jina hilo linamtosha yeye, lakini haliitoshi mitambo ya intaneti, ambayo hupelekeana data kwa anwani za IP. Katika toleo la nne la anwani hizo, kila moja ni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, na kila namba ni kati ya 0 na 255. Kazi ya kutoka kwenye jina hadi kwenye namba hufanywa na mfumo wa majina ya vikoa, maarufu kwa kifupi cha DNS.

Kikoa ni neno la zamani. Kamusi hulieleza kuwa ni chakula kinacholiwa na watu kwa pamoja, kila mmoja akikitoa kwa zamu yake. Katika kompyuta limepewa maana ya fungu la majina lenye msimamizi wake. Uteuzi huu ni mzuri kuliko unavyoonekana, kwa sababu DNS nayo haina mpishi mmoja: kila mwenye kikoa huweka mezani kumbukumbu za majina yake, na wote hula.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Enzi za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, majina yote na namba zake yalikuwa katika faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na kundi la Elizabeth Feinler huko Menlo Park, California. Aliyetaka kuongeza kompyuta aliomba kwao, na wengine wote walipaswa kuchukua nakala mpya. Mtandao ulipopanuka, orodha ikalemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alichapisha muundo wa DNS, ambao uligawa kazi hiyo kwa ngazi.

Ngazi hizo husomwa kutoka kulia. Seva ya kampuni ya intaneti, kwa niaba ya mwenye simu, huanza kwa kuuliza seva za mzizi, ambazo zina majina 13, kuanzia A hadi M, ingawa mashine zenyewe ni nyingi na zimetawanyika duniani. Mzizi haujui anwani ya chuo. Unajua tu wanaosimamia .ke, kikoa cha Kenya. Seva za .ke, zilizo chini ya shirika la KeNIC, nazo huelekeza mbele, mpaka ifikiwe seva yenye kumbukumbu za uonbi.ac.ke. Hiyo ndiyo inayotoa namba. Jibu huhifadhiwa kwa muda uliopangwa na mwenye kikoa, ili anayefuata asiirudie safari yote.

Yote hayo huchukua sehemu ndogo ya sekunde, na kwa hiyo wengi hawajui kuwa yapo hadi yanapokwama. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka kwa takriban saa sita. Kosa la matengenezo lilikata mtandao wa ndani wa kampuni, na seva zake za majina zikawa hazifikiki. Simu ziliuliza anwani, zikakosa wa kujibu.

Linabaki jina la kitendo chenyewe. Baadhi ya waandishi husema “kutatua jina”, na wengine “kutafsiri jina”. La kwanza linampotosha mwanafunzi, maana jina halina tatizo lolote. La pili lina afadhali, ila tafsiri hudokeza kwamba jina na namba ni kitu kimoja katika lugha mbili, ilhali jina moja laweza kuwa na anwani kadhaa, na anwani moja ikahudumia tovuti nyingi. “Kubainisha anwani” kunasema kinachotendeka hasa: jina limeulizwa, mahali pake pamejulikana. Wanaoandika vitabu vya kompyuta kwa ajili ya shule wangefanya vyema kulichukua neno hilo.