Mtambaji na Mwanagenzi: Urithishaji wa Naqqali Baina ya Vizazi Nchini Iran

Makala hii inachunguza namna naqqali, yaani utambaji wa tendi za Kiajemi mbele ya hadhira, ilivyowakutanisha wazee na vijana, na sababu za kudhoofika kwa makutano hayo katika karne ya 20. Shahnameh, yaani Kitabu cha Wafalme, ambacho Ferdowsi alikikamilisha mwaka 1010, kimeendelea kuchapishwa na kusomwa. Walioadimika ni watu wa kukitamba na vijana wa kuwarithi. Hivyo, inadaiwa hapa kwamba uhai wa sanaa hii umetegemea zaidi uhusiano wa mwalimu na mwanagenzi kuliko kuwapo kwa matini.

Tangu enzi ya utawala wa Wasafawi, naqqali ilishamiri katika mikahawa ya mijini. Fanani, aliyeitwa murshidi kwa heshima, alisimama mbele ya wateja akiwa na fimbo, ambayo mara iligeuka upanga, mara mkuki, kulingana na tukio. Hakukariri tu beti zipatazo 50,000 za Ferdowsi. Alitegemea tumari, yaani masimulizi ya nathari yaliyoandikwa kwa mkono, akayachanganya na ushairi, kisha akakatiza kisa penye taharuki ili hadhira irejee kesho yake. Mwanagenzi alijifunza kwa kumfuata mwalimu, kumsikiliza na kumtazama, kwa kuwa mpando wa sauti, ishara za mikono na kimya cha ghafla havikuweza kufundishwa kwa maandishi pekee.

Miongoni mwa visa vilivyovuta umati mkubwa ni kile cha Rostam na Sohrab. Rostam anakataa kutaja jina lake vitani, anamjeruhi kijana vibaya mno, kisha anatambua kwa kito kilichofungwa mkononi mwa kijana huyo kwamba amemwua mwanawe. Inasimuliwa kuwa wapo wasikilizaji waliompa mtambaji fedha wakimsihi asimwue Sohrab. Katika kisa hiki, maudhui na muktadha vinaangaziana: utendi kuhusu mzee na kijana wasiotambuana ulitambwa mahali ambapo watu wa rika mbalimbali waliketi pamoja.

Redio ilipoanza kutangaza Tehran mwaka 1940, na televisheni ilipofuata mwaka 1958, burudani ya mkahawa ilipata washindani. Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza naqqali katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika unaohitaji kuhifadhiwa kwa dharura. Sababu zilizotajwa ni pamoja na kufifia kwa mikahawa, kuzeeka kwa watambaji mabingwa na kupungua kwa mvuto wa sanaa hiyo kwa vijana. Sababu hizi zinashikana: mkahawa ukifungwa, kijana hukosa mahali pa kumkuta mzee, na mzee hukosa wa kumwachia tumari.

Hata hivyo, mkahawa wenyewe ulikuwa na mipaka yake. Ulikuwa mahali pa wanaume, na kwa hiyo uliwafungia wasichana mlango wa unagenzi. Ndiyo maana mfano wa Fatemeh Habibizad una uzito wa kihistoria. Alijifunza kwa watambaji wazee, akatamba hadharani kwa jina la Gordafarid, shujaa wa kike ambaye katika Shahnameh anavaa deraya na kupigana na Sohrab. Kupitia kwake, mbinu kongwe ya urithishaji ilidumu huku mipaka ya nani anayestahili kurithi ikipanuliwa.

Mjadala huu una maana kwa sera za uhifadhi. Kurekodi kunahifadhi sauti ya mzee, na tamasha hukusanya watazamaji kwa usiku mmoja. Kumlea mrithi kunahitaji miaka ya kukaa pamoja. Kwa hiyo, mafanikio ya uhifadhi wa naqqali yapimwe kwa idadi ya wanagenzi, wa kike na wa kiume, wanaodumu kwa walimu wao hadi waweze kusimama wenyewe mbele ya hadhira.