Tarehe ya Mageuzo Yanayotunza, na Nani Baba Yake

Wako wanaosema ukoo wa mageuzo ya mstari yanayotunza sifa za opereta ulianzia Lwów, kwa Stefan Banach, katika kitabu chake cha 1932. Silikubali hilo. Baba ni Georg Frobenius wa Berlin, na ushahidi ni kazi yake ya 1897. Aliyemchokoza ni Richard Dedekind, kwa barua za 1896 kuhusu determinanti za makundi. Frobenius akafika mahali pa kuuliza, geuzo lisilobadili determinanti ya matriksi lina sura gani? Jibu lake halikuacha upenyo: ama huzidisha matriksi kushoto na kulia kwa matriksi mbili ambazo determinanti zao zikizidishwa hutoa 1, ama huipindua kwanza, kisha hufanya hivyohivyo. Basi. Chukua matriksi yenye a na b juu, c na d chini: determinanti ni ad − bc, na b na c zikibadilishana nafasi haitikisiki. Lakini ukipindua zao la A na B, B ndiyo hutangulia. Ajabu hiyo ndiyo alama ya ukoo mzima: tunza sifa moja tu, na kuzidisha kote kutakufuata, kukiwa kumesimama au kumepinduliwa.

Dieudonné aliifuata njia hiyo ya matriksi mwaka 1949. Kadison, 1951, alionyesha kwamba geuzo linalotunza ukubwa wa opereta, likifunika aljebra nzima ya C-nyota yenye kipashio, ni geuzo la Jordan (linalotunza mraba wa kila opereta, na hivyo huruhusu mpinduo) lililozidishwa kwa unitari. Jafarian na Sourour, 1986, waliochunguza mageuzo yanayotunza spektra na kufunika opereta zote za nafasi ya Banach, wakapata tena njia mbili zilezile. Mpinzani atasema Frobenius hakuvuka matriksi zenye ukomo, na kwamba zana za Kadison zilitoka kwa Banach na Stone. Zana, ndiyo. Lakini Banach alishughulika na funksheni, ambazo kuzidishwa kwake hakujali nani ametangulia, kwa hiyo mpinduo haukuweza hata kuonekana pale. Urithi wa zana humfanya Banach kuwa mjomba mwenye heshima zake. Sura ya watoto ni ya Frobenius. Mwaka 1970 Kaplansky aliuliza kama kutunza opereta zenye kinyume, pamoja na kipashio, kunatosha kuleta geuzo la Jordan, na mwaka 2000 Aupetit akathibitisha kwamba kwenye aljebra za von Neumann, geuzo likifunika zote na kutunza spektra yote, ni la Jordan.