Itatosa au Itatosha? Mkanda wa Arusi na Amana ya Sauti

Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Kizazi changu kilipata daftari la aina yake: mkanda wa video. Mfumo wa VHS ulizinduliwa Japani mwaka 1976, na katika miaka ya 1980 deki na kamera zikaingia katika miji yetu ya pwani, baadhi zikiletwa na ndugu waliofanya kazi Uarabuni. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Wengi wetu tulijiona kwenye kioo kwa mara ya kwanza katika mkanda wa arusi.

Mkanda wa nyumbani kwetu Tanga ni wa mwaka 1991, mdogo wangu alipoolewa. Ndani yake bibi yetu anamwusia biarusi kwa beti saba alizozitunga mwenyewe, asiziandike popote. Alifariki miaka miwili baadaye, na sauti yake haipo kwingine.

Mkanda ni utepe wa plastiki uliopakwa chembe za oksidi ya chuma zilizoshikwa kwa gundi. Picha na sauti hukaa humo kwa nguvu ya sumaku. Unyevu wa pwani huilegeza gundi na kuotesha ukungu, na deki za kuuchezea zimeadimika: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuziunda, iliacha mwaka 2016.

Fundi niliyempelekea aliuondoa ukungu kwa subira, kisha akaucheza mkanda huku kompyuta ikinakili. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Mkanda wa saa tatu hunakiliwa kwa saa tatu. Akanipa nakala mbili: moja ghafi, yenye mvumo na chenga, nyingine iliyokarabatiwa, tulivu, yenye rangi za kupendeza. Familia ikaishangilia ya pili.

Nilipoketi kuziandika beti kutoka nakala hiyo nzuri, nilikwama katika ubeti wa nne. Je, bibi alimwambia biarusi kuwa subira itamtosa, au itamtosha? Mizani haikunisaidia, kwani silabi ni zilezile. Wala vina, maana neno lilikaa katikati ya kipande. Nikairudia nakala ghafi. Chini ya mvumo, “itakutosha” ikasikika waziwazi. Programu ya kuondoa mvumo hupunguza sauti nyembamba za juu, na huko ndiko ziliko “s” na “sh”.

Jambo hili si geni katika ushairi wetu. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yalihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na William Taylor, kisha William Hichens akayachapisha kwa hati za Kirumi mwaka 1940. Hati za Kiarabu, kama zilivyozoeleka kuandikiwa Kiswahili, hazikuitenga vyema “e” na “i”, wala “o” na “u”. Kila aliyezigeuza ilimlazimu kuchagua. Miswada ikitunzwa, msomaji wa baadaye anaweza kuuhoji uchaguzi huo.

Basi, ndugu washairi, mwenye mkanda na aunakili mapema. Aandike ni nani anayesema, wapi na mwaka gani, na nakala aziweke mahali zaidi ya pamoja. Iliyopambwa tuitazame sebuleni. Ile ghafi, pamoja na mkanda wenyewe, tuitunze kama mswada.