Keki ya Kulaza

Mkate wa kumimina. Chapati za kusukuma. Samaki wa kupaka. Mayai ya kuchemsha. Mpishi wa Kiswahili akitaka kukupa jina la chakula, mara nyingi hukutajia mkono ulifanya nini. Jina ni nusu ya maelekezo. Ukisikia mkate wa kumimina unajua kuna rojo la mchele na tui lililomiminwa chunguni, wala hakuna donge la kukandwa. Ukisikia samaki wa kupaka unajua nazi haikumwagwa tu sufuriani, ilipakwa samaki akiwa juu ya makaa.

Ndiyo maana kuna keki moja ya Kimarekani inayonisumbua kila ninapoandika maelekezo yake. Haitaki tanuri, haitaki hamira, haitaki hata kiberiti. Biskuti za chokoleti hupangwa, zikapakwa krimu iliyopigwa, zikapangwa nyingine juu yake, zikapakwa tena, hadi chombo kijae. Kisha yote hutiwa kwenye friji yakakaa humo usiku kucha. Asubuhi biskuti si biskuti tena, kisu kinapita kama kwenye keki yoyote. Wenyewe wanaiita keki ya sanduku la barafu. Jina halitaji mkono wa mtu wala kilichomo ndani. Linataja kabati.

Na kabati lenyewe halipo tena. Lilikuwa la mbao, ndani limepigwa bati au zinki, na katikati ya kuta zake limeshindiliwa maranda ili ubaridi usitoke. Bonge la barafu lilikaa juu, vyakula vikakaa chini, na maji ya barafu iliyoyeyuka yakadondokea kwenye trei ambayo mtu akisahau kuimwaga, sakafu ya jikoni ililowa chepechepe. Barafu ililetwa mlangoni na mchuuzi mwenye gari la farasi. Mama mwenye nyumba alitundika kadi dirishani yenye tarakimu kubwa, 25, 50, 75 au 100, na mchuuzi akajua apandishe ratili ngapi. Mwaka 1924 Nabisco walitoa biskuti nyembamba za chokoleti ambazo zilikuja kuwa ndizo hasa za keki hii, na maelekezo yakachapwa kwenye pakiti. Friji za umeme zikaingia majumbani, makabati ya barafu yakatupwa, jina likabaki. Mwaka 2023 biskuti zile nazo zikaacha kutengenezwa. Jina bado lipo.

Tukilichukua jina hilo neno kwa neno, tunapata sanduku la barafu, na hapo Mtanzania haoni keki. Anaona deli la muuza aiskrimu nje ya geti la shule. Barafu yenyewe ni neno la Kiajemi lililotufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi, na Waajemi kwao ni theluji. Sisi tumelipa kazi zote: jiwe la barafu la kupozea samaki, barafu ya ukwaju ya mtoto, hata kambi ya Barafu kule Kilimanjaro. Kilichotoka Marekani kwetu zamani hizo ni kitu kingine. Mwaka 1833 meli iitwayo Tuscany ilifikisha Calcutta shehena ya barafu iliyokatwa Massachusetts, na mwaka huohuo Wamarekani wakafunga mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar. Wahindi walipata barafu, sisi tukapata majora ya kitambaa kutoka Salem, na neno merikani.

Basi tuseme keki ya jokofu? Jokofu ni neno safi, limo kwenye kamusi, na mwalimu wa Kiswahili atalipigia vema. Lakini sikiliza watu wanavyolitumia. Sijamsikia mtu akisema, “Mwanangu, nitolee maji kwenye jokofu.” Nyumbani ni friji, na Lubumbashi au Bukavu, ambako Kifaransa ndicho kilichopita shuleni, ni frigo. Jokofu limebaki la magazeti na hotuba, nalo humo halitembei peke yake: jokofu la chanjo, jokofu la damu, na zaidi ya yote majokofu ya kuhifadhia maiti, yale ambayo mbunge huahidi na mkuu wa wilaya huzindua. Mweleze mgeni wako kwamba unamletea kipande cha keki ya jokofu, halafu utazame uso wake. Kosa si la neno. Limeajiriwa mahali pabaya, basi, na sifa ya ajira hiyo inalifuata hadi mezani.

Keki ya friji haina aibu hiyo, na wapo wanaoiita hivyo. Mimi naiona ni jina la kivivu. Siku hizi kila kitu hukaa kwenye friji. Mchicha uko kwenye friji.

Njia nyingine ni kuitaja kwa kilichokosekana: keki isiyookwa. Sarufi yake haina kasoro, lakini ni jina linaloanza kwa kuomba radhi. Na kwa nini tuombe radhi? Kuoka kwa tanuri hakukuwa sharti la keki Pwani. Mkate wa mayai, ambao ni keki kwa jina la nyumbani, uliiva kwa makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Mpishi aliyapalia makaa hayo kwa mkono mzoefu, hana kipimajoto wala saa ya kengele. Yeye aliangalia mayai na sukari vimepigwa vya kutosha, iliki imetiwa, na makaa ya juu hayajazidi ya chini. Kama hilo halikuhitaji tanuri ili liitwe kwa jina lake, hii nayo haihitaji kutambulishwa kwa tanuri isiyokuwapo.

Mataifa mengine yameiita kila moja kwa lilichokiona. Wajerumani wana ya biskuti na kakao wanayoiita mbwa baridi. Mojawapo ya maelezo ya jina hilo ni kwamba chombo cha kutengenezea kinafanana na kigari cha mgodini, na kigari hicho kwa lugha yao kinakaribiana na mbwa kimatamshi. Wabrazili wanaita yao pavê, kutokana na neno la Kifaransa la jiwe la kusakafia barabara, kwa vile biskuti hupangwa kama mawe ya njia. Kila Mbrazili ana mjomba ambaye, ikiletwa mezani, hana budi kuuliza kama hiyo ni ya kutazama au ya kula, maana kwa Kireno pavê husikika kama “ya kutazama”. Wameksiko wanayo karlota ya ndimu kwa biskuti za Maria, zilezile zilizotengenezwa London mwaka 1874 kwa heshima ya harusi ya binti wa mfalme wa Urusi, na ambazo madukani kwetu zinaitwa biskuti za Marie. Nampa kura Mbrazili, kwa sababu yeye walau aliangalia mpangaji anafanya nini.

Kabla hatujafika kwenye mikono, kuna mtego mdogo wa kiunganishi. Ile ladha ya biskuti za chokoleti zilizovunjwa ndani ya krimu nyeupe ilienea Marekani kwa njia ya aiskrimu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na Chuo Kikuu cha South Dakota State kinadai kuwa ndicho kilichoibuni mwaka 1979. Kiswahili chake ni biskuti na krimu. Ukiteleza ukaandika biskuti za krimu, umeshamtuma mtu dukani akalete pakiti ya biskuti mbilimbili zenye krimu katikati, za jamii ya Oreo, ambazo zipo sokoni tangu 1912. Na mchezo wa keki hii ni kwamba wengi wetu hutumia biskuti za krimu kutengenezea keki ya biskuti na krimu. Ukimsomea mtu orodha ya mahitaji kwa simu, tamka hiyo “na” kwa nguvu.

Sasa jikoni. Kupiga kwanza. Kiswahili hupiga simu, pasi, picha, mswaki na hodi, kwa hiyo krimu haikupata tabu kupata kitenzi. Krimu iwe ya maji yenye mafuta yasiyopungua asilimia 30, iwe baridi, na bakuli nalo liwe baridi. Joto la Dar es Salaam la Januari halina huruma. Chembe za mafuta ndizo zinazoshikana kuzunguka mapovu ya hewa na kuyazuia yasipasuke, na mafuta yakilegea kwa joto, kila kitu kinarudi kuwa maji. Piga na vijiko vitatu vya sukari ya unga na vanila kidogo hadi krimu isimame. Neno ni hilohilo wanalotumia wapishi, isimame: ukiinua mashine, kilele kinabaki wima na ncha yake inainama kidogo tu. Ukiendelea kwa kiburi utaona chembechembe za manjano, na hapo umeshaanza kutengeneza siagi.

Kisha kupanga na kupaka. Biskuti hupangwa zikikaribiana, na pembeni palipobaki mwanya huvunjwa kipande kikaziba. Matokeo yake Waswahili huyaita tabaka, safu au ghorofa, kutegemea nani anaongea. Ghorofa waachie watengenezaji wa keki za harusi, zile zinazobebwa na watu wawili ukumbini. Safu huenda pembeni zaidi kuliko juu: safu ya milima, safu ya walinzi wa timu. Tabaka ndilo linalopanda, ingawa waliosoma siasa enzi za Azimio la Arusha hawawezi kulisikia bila kungoja “la wafanyakazi” lifuate. Chukueni tabaka.

Kazi iliyobaki haina mkono, nayo ndiyo keki yenyewe. Biskuti inayotoka kiwandani ina maji asilimia chache tu. Krimu, pamoja na unene wake wote, zaidi ya nusu yake ni maji. Vikigusana, maji huhama kutoka penye mengi kwenda penye machache, yakaingia kwenye wanga na sukari ya biskuti, na ule ukavu uliokuwa ukivunjika kwa mlio ukageuka kuwa nyama laini ya keki. Kiswahili kina maneno mengi ya hali hii kuliko nilivyotarajia, na kila moja lina ngazi yake. Biskuti iliyochovywa kwenye chai imelowa. Iliyosahaulika humo imetota, na kijiko kinaitafuta chini ya kikombe. Wali uliokaa na mchuzi umekunywa mchuzi, na hiki ndicho kitenzi kinachoifaa keki hii zaidi ya vyote, kwa sababu anayekunywa hunywa kiasi chake akatosheka. Biskuti zikinywa krimu kwa saa mbili, katikati bado pana ukaidi. Zikinywa kwa saa nane, zimeiva.

Naam, zimeiva. Kuiva hakujawahi kuwa mali ya moto peke yake. Embe huiva mtini, jipu huiva, njama huiva, fundi aliyekaa na ufundi huambiwa ameiva. Ndizi huvundikwa zikaiva gizani. Nilifikiria hata keki ya kuvundika, kwa kuwa kitendo ni kilekile, kufunika kitu na kukiachia muda ukifanyie kazi. Lakini kuvundika na kuvunda ni ndugu wa karibu mno kukaribishwa kwenye chai ya Idi.

Neno nililolichagua lilikuwa jikoni siku zote. Nyama ya mishikaki hulazwa na tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi. Maharage hulazwa kwenye maji. “Laza usiku, pika asubuhi,” ndivyo mama na mabinti wanavyoelekezana, na hakuna anayehitaji kufafanuliwa. Keki ya kulaza, basi. Inakaa sawasawa karibu na mkate wa kumimina na samaki wa kupaka, na ndani ya jina kuna muda, kitu ambacho sanduku la barafu halikusema.

Pingamizi zipo. Mkate uliolala ni mkate wa jana, na kiporo ni kiporo hata ukikipamba. Hapo ndipo silabi moja inapofanya kazi ya wakili: kilicholala kimejilalia chenyewe, kwa uzembe au kwa kukosa walaji, ilhali kinacholazwa kina mtu aliyekusudia. Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Ukisema keki imelazwa, msikilizaji ana haki ya kuuliza wodi namba ngapi. Tumekimbia mochwari tukaishia hospitalini. Kwa hiyo nashauri kitenzi kibaki na ku- yake ndani ya jina, na kwa habari ya keki fulani tuseme tu imelala vizuri.

BAKITA, baraza la Kiswahili la taifa, wana kazi kubwa kuliko keki, na istilahi hazishiki kwa kutangazwa. Kishikwambi, yaani tableti, kilikuwa neno la kuchekewa hadi makarani wa sensa ya Agosti 2022 walipofika mlangoni wamekishika. Keki ya kulaza itashika ikiwa watu wataila. Ikiwa hawataila, friji itashinda.

Limebaki la kunyunyizia juu. Biskuti zilizopondwa si unga, na makombo ni mabaki ya mlo, hayanyunyiziwi mgeni. Wauza mchele wana neno zuri, chenga, yaani punje zilizovunjika, na chenga za biskuti zinaeleweka bila maelezo. Ziweke kando kwenye kopo lenye mfuniko na uzimwage dakika ya mwisho, kisu kikiwa tayari kimechovywa kwenye maji ya moto. Ukizitia usiku zitalala pamoja na nyingine, na asubuhi hazitalia chini ya jino.